Binti Yangu Alipokimbia na Saumu

Wazee wetu walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya kuwatisha watoto wenye pupa, na sikuitafakari vizuri hadi nilipopata watoto wangu mwenyewe. Mwaka 2025, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, nilisimama chini ya mkanju nikiwa na chupa ya maji mkononi, nikimngoja binti yangu atokeze baina ya minazi. Hapo ndipo nilipojiuliza huo ukingo wenyewe uko wapi, na ni nani mwenye haki ya kumwambia mtoto kwamba ameufikia.

Kisa chenyewe kilianza siku chache kabla ya mwezi kuandama. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11 na akisoma Gredi ya Sita, alirudi nyumbani kwetu Likoni huku amebeba viatu mkononi na miguu imejaa vumbi hadi magotini. Hata kuamkia hakuamkia. "Baba, nimechaguliwa! Nitakimbia mbio za nyika!" Mamake akamwambia aamkie wakubwa kwanza, mengine yatafuata. Akaamkia upesi upesi, kisha akaendelea na habari zake: wasichana watano wamechaguliwa katika shule yao, na yeye ni wa pili kwa kasi. Watashindana na shule nyingine za upande wetu, kilomita 3, na kumi watakaotangulia wataendelea na mashindano ya daraja la juu.

Kwa manufaa ya wasomaji ambao hawajapata kuziona, mbio za nyika si kama mbio za kiwanjani ambako mkimbiaji huzunguka kwenye mistari iliyochorwa kwa chokaa. Hizi hukimbiwa mashambani na vichakani, juu ya nyasi, mchanga, matope na mizizi ya miti, kwa kupanda na kushuka. Asili yake ni shule za Uingereza za karne ya 19, ambako wavulana wawili watatu walitangulia wakidondosha vipande vya karatasi, na wenziwao wakawafuata kwa alama hizo, mfano wa mbwa wanaomwinda sungura. Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalifanywa Scotland mwaka 1903, na kuanzia 1973 yakawa ya dunia nzima. Mkenya alipojitosa, wengine wakabaki kutazama visigino. Tangu 1986 hadi 2003 timu ya wanaume ya Kenya ilishinda kila mwaka, mara 18 mfululizo. John Ngugi peke yake alitwaa ubingwa mara tano, na Paul Tergat naye mara tano, 1995 hadi 1999, bila ya kukosa hata mwaka mmoja.

Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba ni ya watu wa bara. Basi sisi wa pwani tumezoea kusema kwamba mbio ni mambo ya bara, na kwetu ni mpira, mashua na bao. Kusema kweli, maneno hayo yana sababu yake. Iten, ambako wakimbiaji wengi hufanyia mazoezi, iko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili wa mtu aliyelelewa huko huzoea kufanya kazi kwa hewa kidogo. Tena asubuhi kuna baridi. Sisi huku tumelala usawa wa bahari, na mwezi wa Machi, kaskazi inapokata pumzi na masika hayajafika, joto huwa ni la kupikia. Jasho hupoza mwili kwa kukauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, jasho halikauki, hutiririka tu hadi miguuni, na joto hubaki ndani ya mwili.

Dunia iliyaona hayo kwa macho yake tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipoletwa Mombasa, katika kiwanja cha gofu kinachotazama bahari. Sisi wa Likoni tulivuka feri tu, tukafika. Nilikuwa mmoja wa umati mkubwa uliofurika siku ile, na sitasahau nilichokiona. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa amezishinda mbio ndefu kila mwaka tangu 2002, aliacha njiani katika mzunguko wa mwisho, hoi kwa joto. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, na upande wa akina mama akashinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Uholanzi. Wengi walianguka au waliondoka uwanjani wakishikiliwa makwapani. Nilirudi nyumbani na somo moja: joto la Mombasa halimjui bingwa.

Somo hilo ndilo lililonitia hofu tarehe ya mbio za binti yangu ilipotangazwa. Ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili ya Ramadhani, saa nne za asubuhi.

Nilimwogopa zaidi mamangu. Yeye ni mtu wa mila, na nilijua kwamba swali lake la kwanza litakuwa la nguo. Na kweli lilikuwa hilo. Nikamweleza kwamba mwalimu wa michezo amekubali wasichana wetu wavae suruali ndefu, shati la kufika magotini na ushungi ulioshonwa usipeperuke. Mamangu akaniuliza kama maalim wa chuoni ameambiwa. Nikamwambia nimekwishamwuliza, naye alicheka, akanikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), na mara ya kwanza Bi Aisha ndiye aliyetangulia, kisha baadaye Mtume akamshinda na kumtania kwamba sasa wamelipana. Jambo la kutazamwa, alisema maalim, ni sitara na usalama wa mtoto.

Mamangu alinyamaza kidogo, kisha akatamka neno ambalo sikulitarajia kutoka kwake. "Basi siku hiyo na ale," alisema. "Mtoto hajabaleghe. Saumu kwake ni mafunzo, si faradhi. Apewe uji wake asubuhi, akimbie, na kesho yake afunge."

Sote tukashusha pumzi, isipokuwa mwenye mbio zake. "Nyanya, mimi nimefunga zote tangu chungu cha kwanza," alisema, na machozi yakamlenga. Mwaka uliotangulia alifunga siku 19. Safari hii walikuwa wamepeana ahadi, yeye na binamu yake wa nyumba ya pili, kwamba watamaliza mwezi mzima, na atakayekula mchana ataitwa kobe hadi Idi. Nasi tuliokulia pwani tunajua jina hilo lilivyo zito kwa mtoto.

Nikajaribu kumpa mfano. Nikamweleza habari za Mohamed Farah, Mwislamu mzaliwa wa Somalia aliyeiwakilisha Uingereza. Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 iliangukia Ramadhani, naye akaziahirisha saumu zake ili azilipe baadaye, akashinda mita 10,000 na mita 5,000. Binti yangu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, yeye alikuwa anashindana na dunia nzima. Mimi nashindana hapa hapa Likoni. Na yeye hana binamu wa kumwita kobe."

Sikuwa na jibu. Nikaamua kwenda kwa mwalimu mkuu.

Tulikwenda wazazi wanne. Mwalimu mkuu si Mwislamu, lakini alitupokea kwa adabu na kutusikiliza bila ya kutukatiza. Tulipomaliza alisema jambo ambalo hadi leo linanirudia. Alisema kwamba miaka yote aliyofundisha huku pwani hajapata kuona mzazi akija kumweleza shida hii. Anachokiona ni kwamba Ramadhani ikiingia, au siku ya mashindano ikifika, watoto wa Kiislamu hawaonekani. Huyu anaumwa tumbo, yule amesafiri na mamake. Basi walimu huamua kwamba watu hawa hawapendi michezo, na mwaka unaofuata hawajisumbui hata kuwachagua.

Tulitazamana sisi wazazi. Mmoja wetu alikuwa ameandika barua ya namna hiyo ya tumbo si zaidi ya mwaka mmoja uliopita.

Tarehe yenyewe mwalimu mkuu hakuweza kuibadilisha, kwa sababu ilikuwa imepangwa na wakubwa wake na kuzihusu shule nyingi. Lakini aliahidi kuomba saa ibadilishwe, na kweli ikabadilishwa. Badala ya saa nne, mbio zingeanza saa moja, jua likiwa bado changa. Tukarudi kwa furaha. Mtoto angekula daku saa kumi na nusu, anywe maji ya kutosha, na baada ya saa mbili na nusu awe mbioni. Hata mamangu aliridhika.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto hakulala. Daku alikula uji, ndizi mbili na tende, akanywa maji hadi mamake akamwambia basi, tumbo litachezacheza. Tuliposali alfajiri niliona ametandika msala wake karibu na raba zake.

Saa moja kamili watoto walikuwa wamejipanga, wenye saumu na wasiokuwa na saumu, kama 40 hivi katika mbio za wasichana. Saa moja na nusu bado walikuwa wamejipanga. Wasimamizi waliokuwa na saa za kupimia na vitabu vya majina walikuwa hawajafika, na tukaambiwa wamekwama njiani. Saa mbili watoto wakaketi. Jua likapanda juu ya minazi. Saa tatu wasimamizi wakateremka garini wakiwa na chupa zao za maji, wakaomba radhi kwa haraka, wakaanza kuita majina. Filimbi ilipulizwa saa tatu u nusu. Ile faida yote tuliyoihangaikia ilikuwa imeyeyuka.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapojilaumu. Kabla ya filimbi nilimwita binti yangu kando nikamwambia tuache, twende zetu nyumbani, mashindano yapo mengi. Alinitazama kwa jicho ambalo kila mzazi analijua. Hakusema neno. Nami nikashindwa. Nikamwambia, "Sikiliza. Nitakaa chini ya ule mkanju mkubwa, mwanzo wa kilomita ya mwisho. Nikikutazama nikaona hali yako si nzuri, nitakwambia kunywa. Nikikwambia kunywa, utakunywa. Unaniahidi?" Akasema, "Naahidi." Nikampa mkono, naye akaubusu akakimbilia mstarini.

Njia yao ilitoka kwenye kiwanja cha mpira, ikapita katika shamba la mihogo, ikaingia minazini ambako mchanga ni mwingi na mguu huzama, kisha ikapanda kilima kidogo chenye mawe ya matumbawe na kurudi kwa upande wa mikanju. Nilikwenda mahali pangu na chupa yangu. Pale palikuwa na wazazi wengine, mama mmoja akimfanyia mwanawe tasbihi, na mzee wa shamba aliyekuja kuhakikisha kwamba mihogo yake haikanyagwi.

Wa kwanza walitokeza kama upepo, wasichana watatu warefu wa shule moja. Nikahesabu. Wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba na wa nane pamoja. Wa tisa akawa yeye.

Nilifurahi kwa muda wa kufumba na kufumbua. Halafu nikamtazama usoni. Ngozi yake, ambayo ilipaswa kumetameta kwa jasho, ilikuwa imekauka na kupauka. Miguu ilikuwa ikienda mbio lakini kichwa kikiyumba, mfano wa mashua isiyo na mshika usukani. Mtu anapokosa maji, damu hupungua wingi wake, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi ili kuifikisha mwilini. Mwisho wake ni kizunguzungu, na jasho likikatika wakati wa joto, hiyo ni hatari kubwa. Nilisogea njiani nikainua chupa. "Kunywa, mwanangu!"

Alitikisa kichwa. "Bado kidogo tu, baba," akanipita.

Nilisimama na chupa yangu. Nilitaka kumkimbilia nimkamate kwa nguvu, na miguu ikakataa. Alikwenda kiasi cha hatua ishirini. Kisha akapunguza mwendo, akasimama katikati ya njia huku mikono ipo magotini. Msichana mmoja akampita, kisha wawili. Akageuka. Akanirudia akitembea, wenziwe wakimpita kulia na kushoto, akaichukua chupa mkononi mwangu, akasema Bismillahi, akanywa. Alikunywa nusu, nyingine nikammiminia kichwani juu ya ushungi wake.

"Keti," nikamwambia.

"Nimekunywa kama nilivyoahidi," akasema. "Hukusema nisikimbie." Akangoja mpaka pumzi zikamtulia, nami nikaona uso umeanza kurudi rangi yake. Akaondoka polepole. Alimaliza akiwa wa 17.

Pale mwishoni hakulia. Alipeana mikono na wenzake, akamshukuru mwalimu wake. Alilia tulipokuwa kwenye matatu, amejificha kwenye mkono wangu. "Saumu imekwenda," alisema, "na kumi bora sikuingia. Vyote viwili nimevikosa." Nikatafuta neno la kumliwaza, na kila nililolipata nikaona ni jepesi. Maana mtoto alisema kweli. Kama angepita asirudi, huenda angeingia katika kumi. Huenda pia angeanguka kabla ya kufika, na leo ningekuwa naandika habari nyingine. Hakuna ajuaye ila Mungu.

Habari ilitutangulia nyumbani. Binamu yake alikuwa mlangoni, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa ni lile lile: "Kobe!" Mamangu, aliyekuwa ameketi barazani akichambua mchele, akamwita yule kijana kwa jina lake lote. Akamwuliza, "Wewe leo umefunga umefanya kazi gani?" Akajibu kwamba alikuwa amelala. "Basi mwenzio amefunga akakimbia kilomita mbili kwenye jua hili, na alipoambiwa na babake kwamba inatosha, akarudi. Wewe ukiitwa kutoka dukani hurudi." Kijana akatazama chini. Neno kobe halikusikika tena nyumbani kwetu mwezi ule.

Mchana wote binti yangu hakula kitu. Tulimwambia ale, akasema hana njaa. Magharibi ilipoadhiniwa tuliketi mkekani sote, pakiwa na muhogo wa nazi, mbaazi, kaimati na uji wa pilipili manga. Mamangu alichukua tende ya kwanza, akampa yeye. Mtoto akasema, "Nyanya, mimi sikufunga leo." Mamangu akamjibu, "Ulifunga mpaka pale ulipoweza. Dini haikuja kuwaua watoto. Kula." Kesho yake alifunga, na akazifunga zote zilizobaki.

Nimeyaandika haya si kwa ajili ya kumsifu mwanangu, kwani wapo watoto wengi hodari kuliko yeye. Nimeyaandika kwa sababu ya yale maneno ya mwalimu mkuu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii itaendelea kuangukia muhula wa kwanza, ambao ndio muhula wa riadha shuleni, hadi ifikapo 2030, mwaka ambao utapata Ramadhani mbili, moja mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Jambo hili halimshangazi yeyote mwenye kalenda. Wapangaji wa mashindano wa huku pwani wanaweza kuweka siku ya mbio kabla ya mwezi kuandama au baada ya Idi, na ikiwa haiwezekani, basi waanze saa moja waliyoahidi, wala watoto wasiwekwe juani wakiwangoja watu wazima. Hata kwa asiyefunga, kukimbia Mombasa saa tatu u nusu mwezi wa Machi si jambo la mzaha.

Lakini lawama ya kwanza ni yetu wazazi. Tumekuwa tukiwaondoa watoto wetu kimya kimya, kisha tunalalamika kwamba majina yetu hayamo katika vitabu vya mabingwa. Mwalimu hawezi kujua tusilomwambia. Ikiwa ni nguo, tuseme, zipo nguo za sitara ambazo mtu aweza kukimbia nazo. Ikiwa ni saumu, tuseme, na tumwulize maalim kabla ya siku yenyewe kufika. Na mtoto akitaka kukimbia, tukae mahali ambapo atatuona, tukiwa na maji.

Ama kuhusu ule ukingo, nimepata jibu langu. Binti yangu alikimbia hadi akauona, akarudi hatua ishirini kwa miguu yake mwenyewe. Raba zake zimekwisha kumbana vidoleni, na ameniambia kwamba anataka nyingine, kubwa kidogo. Nimemwahidi, na ahadi ni deni.